Siku Tatu za Kujifunza Kukusanya Madaftari: Tathmini ya Semina ya Taratibu za Darasani

Desemba iliyopita nililipa shilingi 45,000 kutoka mfukoni mwangu ili kuhudhuria semina ya siku tatu ya walimu wa shule za msingi, iliyotangazwa kuwa na lengo moja tu: kumwezesha mwalimu kuwafundisha wanafunzi wake taratibu za darasani hadi wazishike. Ada hiyo ilijumuisha chai, chakula cha mchana, kijitabu cha kurasa 64 na cheti cha ushiriki. Sikuandika chochote wakati ule, kwa sababu semina ya namna hii haipimwi siku ya kugawiwa vyeti. Inapimwa mwezi Februari, saa tano asubuhi, bati likiwa limeshika moto na watoto 87 wa Darasa la Tatu wakisubiri madaftari yao ya Hisabati. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nilizokutana nazo huenda zimekwisha kurekebishwa, na kwa kuwa semina zinazofanana na hii ni nyingi, kiasi kwamba mwalimu anayefikiria kujiandikisha katika yoyote kati yake anaweza kupata la kumfaa humu.

Niseme mapema kwamba kiini cha semina hii ni sahihi na kimebadili asubuhi zangu. Kasoro zake karibu zote zina asili moja, nayo ni kwamba iliandaliwa kwa kuliwazia darasa ambalo mimi sijawahi kulifundisha.

Mwezeshaji wa siku ya kwanza alianza kwa kututaka tuandike sheria tano za madarasa yetu. Hakuna aliyepata shida: usipige kelele, usichelewe, usipigane, na kadhalika, maneno yale yale ambayo kila mmoja wetu aliyakuta ukutani alipokuwa mwanafunzi. Kisha akauliza swali la pili. Mtoto akivunjikiwa na penseli katikati ya zoezi, katika darasa lako anafanya nini? Ukumbi ulitulia. Mwalimu mmoja akajibu kwamba mtoto anamwita mwalimu. Mwingine akasema anaazima kwa jirani. Wa tatu akasema, huku akicheka, kwamba wa kwake hulia. Mwezeshaji aliyaandika majibu yote matatu kwenye bango kitita, akatuuliza ni lipi kati ya hayo ambalo tulilifundisha. Hakuna aliyelifundisha hata moja. Watoto walijitungia wenyewe, na kila mmoja alijitungia lake, ndiyo maana penseli moja ikivunjika darasa zima hugeuza shingo.

Hapo ndipo alipotenganisha sheria na utaratibu, na nadhani ndiyo maelezo yaliyonisaidia kuliko yote ya siku ile. Sheria inamwambia mtoto asifanye nini, na akiikiuka yapo matokeo. Utaratibu unamwonyesha namna ya kufanya jambo linalojirudia kila siku: kuingia, kuketi, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kukusanya kazi, kutoka kwenda kunywa uji. Mtoto asiyefuata utaratibu mara nyingi hajakaidi. Hajaujua, au ameusahau, na kinachotakiwa ni kumrudisha mlangoni aingie upya kama mlivyofundishana. Mwalimu akiuchukulia utaratibu kama sheria atajikuta anaadhibu usahaulifu kutwa nzima.

Kwa wanaotaka kujua kama mambo haya yana msingi wa kitaaluma, yanao. Tulielezwa juu ya Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani ambaye kazi yake iliyochapishwa mwaka 1970 ilitokana kwa sehemu kubwa na kurekodi madarasa kwa video. Alitarajia kuona tofauti kati ya walimu mahiri na wengine katika namna wanavyomkemea mtoto aliyekosea, lakini tofauti hakuiona hapo, bali katika yale ambayo mwalimu mahiri huyafanya kabla kosa halijatokea. Tulielezwa pia juu ya Edmund Emmer, Carolyn Evertson na Linda Anderson, ambao mwaka 1980 walichapisha utafiti uliowafuatilia walimu wa darasa la tatu huko Texas tangu siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, na kuona kwamba wale ambao madarasa yao yalikwenda vizuri hadi mwisho wa mwaka walitumia majuma ya mwanzo kufundisha taratibu kwa makusudi, kama wanavyofundisha somo. Nilifurahi kusikia kuwa ni darasa la tatu. Mtoto wa umri huo ni yule yule popote: ana nguvu nyingi, anapenda haki kupita kiasi, na hataki mwenzake atangulie.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya nisijutie ada yangu. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na alipoingia alituamkia, akatutazama tulivyoketi, kisha akatwambia kwamba kwa saa mbili zijazo sisi ni Darasa la Tatu na tutajifunza kukusanya madaftari. Tulikuwa watu arobaini na kitu, wenye vyeti, stashahada na shahada, tumebanana watano watano kwenye madawati ya watoto. Alieleza utaratibu kwa sentensi nne, akauonyesha mwenyewe kwa kuketi kwenye dawati la mbele: daftari linafungwa, jalada lenye jina linatazama juu, aliye upande wa ukutani anampa jirani yake, na jirani anaweka la kwake juu ya hilo, hadi yote yafike kwa aliyeketi kando ya njia, huyo anageuka na kumpa wa dawati la mbele yake, wa dawati la kwanza peke yake ndiye anayesimama na kupeleka mezani. Akasema tuanze.

Tulishindwa. Madaftari matatu yalianguka, mengine yalifika chali, na walimu wawili wa nyuma walisimama kuja mezani kwa miguu yao, kama ambavyo watoto wetu hufanya. Hakukemea wala hakucheka. Alituambia, "Walimu wangu, turudie," akasubiri kila daftari lirudi kwa mwenyewe, nasi tukarudia. Jirani yangu, mwalimu wa makamo, alininong'oneza kwamba huku ni kudharauliwa. Tuliporudia mara ya tatu alikuwa yeye anayewahimiza wenzake wageuze majalada. Mara ya nne madaftari yalifika mezani yakiwa yamepangika, bila mtu kusema neno, na mwezeshaji alituambia ni kitu gani hasa tulichokifanya vizuri: "Waliokaa kando ya njia mmegeuka bila kusimama." Sifa ya namna hii, alitueleza baadaye, inamwambia mtoto arudie nini kesho, wakati kupigiwa makofi kunamwambia tu kwamba mwalimu amefurahi.

Kwa hiyo hatua ni tatu: kueleza huku ukionyesha, kufanya mazoezi hadi jambo likae, na kulikumbusha kila linapoanza kulegea, hasa baada ya likizo. Walimu wengi tunaishia hatua ya kwanza, tena nusu yake. Tunaeleza, tunauliza "Mmeelewa?", darasa zima linaitikia "Ndiyo mwalimu!", nasi tunageukia ubao. Mwezeshaji huyu alitupiga marufuku kuuliza "Mmeelewa?" kwa siku zote zilizobaki, na kila aliyeteleza alitakiwa kumchagua mtu mmoja na kumwambia, "Njoo unionyeshe." Kwenye mapumziko ya chai tulikuwa tunakamatana wenyewe kwa wenyewe. Hili peke yake, kwa maoni yangu, linastahili nusu ya ada, kwa sababu nimegundua kwamba ile "Ndiyo mwalimu!" ni utaratibu ambao watoto wetu wameushika barabara kuliko wowote, na haina uhusiano wowote na kuelewa.

Januari nilipofungua darasa, nilipima kwa simu muda wa kukusanya madaftari kabla sijafundisha lolote. Zilikwenda dakika tisa. Kuyagawa kulichukua dakika saba. Katika kipindi cha dakika 40, dakika kumi na sita zilikuwa zikiliwa na karatasi kutembea kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na nimefundisha hivyo kwa miaka kumi na moja huku nikilalamika kwamba mtaala ni mrefu. Nilitumia wiki mbili za mwanzo kufundisha taratibu sita tu, mbili kila baada ya siku chache, nikiziingiza kwenye andalio la somo kama mada nyingine. Mwalimu wa taaluma alipolikagua andalio langu na kukuta neno "kuingia darasani" limeandikwa mahali pa mada, aliniita ofisini, na ilinibidi nimweleze. Mwishoni mwa Januari kukusanya kulikuwa kumeshuka hadi dakika tatu na nusu, na hapo ndipo kulipobakia hadi leo. Watoto 87 hawawezi kufanya kwa dakika moja kama kijitabu kinavyodai.

Nije kwenye hicho kijitabu, maana ndicho kibovu kuliko vyote nilivyopokea. Ni tafsiri, na mtafsiri hakuwahi kukaa katika darasa la kwetu. Kinamwelekeza mwalimu namna ya kuwafundisha watoto kutumia mashine ya kuchongea penseli iliyofungwa ukutani, kuweka mabegi kwenye makabati yenye namba, kuketi mviringo kwenye zulia la kusomea, na kusubiri basi la shule kwa mstari. Mchoro wa darasa uliomo una meza 28, kila mtoto na meza yake na njia pande zote nne. Kiwango kilichowekwa hapa nchini Tanzania kwa darasa la shule ya msingi ni wanafunzi 45, na kila mwalimu wa shule ya umma anajua hali ilivyo tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016: watoto walikuja, jambo ambalo ni jema kabisa, na kuta zikabaki pale pale. Katika darasa lisilo na njia kati ya madawati, nusu ya taratibu za kijitabu hazifanyiki hata kwa dakika moja. Mwezeshaji wa siku ya pili alikuwa anajua, ndiyo maana hakukifungua hata mara moja. Wa siku ya kwanza na ya tatu walikuwa wanakisoma kwa sauti.

Hata hivyo kuna mahali ambapo nilikuwa na hakika kwamba semina imekosea, na ikawa mimi ndiye niliyekosea. Walituelekeza kwamba ishara ya kuomba utulivu iwe mkono wa mwalimu ulioinuliwa, bila sauti: anayeuona anainua wa kwake na kunyamaza, hadi darasa zima limenyamaza. Nilipinga. Nilisema watoto wetu wamelelewa kwa makofi ya mpigo, kwamba mwalimu hupiga matatu nao hujibu matatu, na kwamba jambo hilo ni zuri na la kwetu. Januari yote nilitumia makofi na yalikwenda vizuri. Kisha mvua za masika zikaanza. Darasa langu halina dari, na mvua ikinyesha juu ya bati, makofi, kengele na sauti ya mwalimu vyote huzama. Siku ya kwanza ya mvua kubwa nilisimama mbele ya kelele ambazo hata sikuweza kuzisikia, nikakumbuka ule mkono. Ilinichukua siku tatu kuwafundisha. Sasa tuna ishara mbili, ya kiangazi na ya masika, na watoto wanaona ni mchezo.

Jambo jingine lililoniingia ni lile la orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma shule za kwetu anaijua: mwalimu anatoka, kiongozi wa darasa anabaki na kipande cha karatasi, anaandika majina, na mbele ya jina la anayeendelea anaongeza "sana", kisha "sana sana". Mwezeshaji aliuliza ni wangapi wanaitumia na mikono yote ikapanda, wangu ukiwemo. Alitueleza kwamba orodha hiyo haifundishi utaratibu wowote wa kufanya pale mwalimu anapotoka. Inafundisha kuandikwa na kuandika, na inamfanya mtoto mmoja kuwa askari wa wenzake. Mahali pake alipendekeza kufundisha kazi ya kungojea, yaani jambo moja ambalo kila mtoto analifanya mwalimu anapokuwa hayupo, linalojulikana na halibadiliki. Darasani kwangu ni kunakili na kukariri jedwali la kuzidisha la wiki hiyo. Linafanya kazi kwa dakika kumi hivi, si zaidi. Ambaye hakufurahi ni kiongozi wangu wa darasa, msichana hodari aliyeona kwamba nimemnyang'anya cheo, akanuna wiki nzima. Nilimkabidhi ufunguo wa kabati la chaki na mambo yakaisha.

Kuhusu choo walitushauri kuwa na kibao cha ruhusa: anayetaka kutoka anakichukua msumarini bila kuuliza, akirudi anakirudisha, na kisipokuwepo anajua kuna mwenzake nje. Ni utaratibu mzuri, unaondoa yale maombi ya kila dakika mbili. Nilichonga viwili, cha wavulana na cha wasichana. Kimoja kilitumbukia chooni wiki ya pili. Sasa vinabaki msumarini, na mtoto anavigeuza tu upande mwekundu anapotoka.

Lililonisikitisha ni siku ya tatu. Mshiriki mmoja aliuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: yule anayejua utaratibu, ameufanyia mazoezi na wenzake mara kumi, na bado anakataa, afanywe nini? Akaongeza bila kuzunguka kwamba shuleni kwake jibu ni fimbo. Mwezeshaji alisema tuwe na subira, akaendelea na ukurasa uliofuata. Hilo halikuwa jibu la kuwapa watu waliosafiri kulitafuta. Kanuni za nchi yetu kuhusu adhabu ya viboko, zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, hazizidishi viboko vinne, na zinataka kila adhabu iandikwe kwenye kitabu; kila mtu aliyekuwa ukumbini alijua kanuni hiyo na alijua pia jinsi fimbo inavyotumika kama kikumbusho cha mambo madogo kabisa, pamoja na mahali pa kuweka daftari. Semina inayofundisha kwamba usahaulifu si ukaidi ilikuwa na neno la maana la kusema hapo, na ikanyamaza. Wenzetu wa Kenya, ambako viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, wamelazimika kulitafutia jibu swali hilo, na kumwalika mwalimu mmoja kutoka Taveta au Loitokitok kusingewagharimu waandaaji zaidi ya nauli ya basi.

Uendeshaji wenyewe ulikuwa wa kuchekesha kidogo kwa semina ya mada hii. Siku ya kwanza tulitakiwa kuanza saa 2:00 asubuhi, tukaanza saa 3:25. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa bila kalamu. Wakati wa chakula cha mchana hapakuwa na foleni bali msongamano, na wanne tulikuta sufuria la nyama limebaki mchuzi. Mama wa siku ya pili ndiye aliyetupanga kwa safu, bila tangazo, kwa kusimama tu kwenye kichwa cha meza na kumwita wa kwanza wa kila dawati.

Je, thamani ya fedha ipo? Kwa mwalimu mpya anayeingia kazini Januari na kukabidhiwa Darasa la Kwanza hadi la Nne, ndiyo, ilimradi ahakikishe kabla ya kulipa kwamba semina ina vipindi vya mazoezi ya vitendo na si mihadhara mitupu. Kwa mwalimu mzoefu, siku ya pili peke yake ingetosha, na ningeilipia hata shilingi 25,000. Yaliyosemwa siku ya kwanza yanaweza kabisa kufanywa bila ada katika vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo shule zinatakiwa kuwa navyo. Sisi tumekwisha kufanya viwili, na katika kimoja walimu wenzangu walikusanya madaftari mara tano huku mwalimu mkuu akishika saa. Walimu wa sekondari hawatapata mengi hapa, kwani mifano yote ni ya watoto wadogo. Kijitabu mtu asikinunue peke yake kwa bei yoyote.

Waandaaji waliahidi kwamba kabla Februari haijaisha mmoja wao angefika katika shule ya kila mshiriki kuona kinachoendelea. Nilipiga simu mwanzoni mwa Machi nikajibiwa kuwa ratiba inapangwa. Nimepiga tena juzi na jibu ni lile lile. Wakifika nitawaomba waketi dawati la mwisho kabisa, karibu na dirisha lililovunjika, ambapo mtoto mfupi hawezi kuuona mkono wangu kwa sababu ya vichwa vilivyo mbele yake. Utaratibu wa kuwafikia watoto watano wa dawati hilo mvua inaponyesha sijaupata bado, na kijitabu hakina.